Gari Kuukuu na Alifu ya Ufundi

Mvuvi wa visiwani petu, awe wa Nungwi au wa Mkoani, hangoji fundi wa kuunda majahazi aje kumpakia sifa mashua yake. Maji yakipwa hukiegemeza chombo mchangani, akakizunguka, akagonga ubao baada ya ubao kusikiliza palipooza, akaziba kwa kalafati upenyo ulio mdogo, na lile linalomzidi ndipo akalipeleka kwa mjuzi. Hayo hakuyapata vitabuni. Ameyapokea kwa baba na mjomba, kidogo kidogo, tangu alipokuwa mtoto wa kushika kopo la sifa, na hakuachiwa nyundo na patasi mpaka mkono wake ulipoaminika.

Desturi hiyo ni njema, na ndiyo kujitegemea kwa kweli. La kusikitisha ni kwamba tulipotoka chomboni tukapanda gari, desturi hiyo tuliiacha pwani. Wengi wetu tunamiliki gari kama mtu anayemiliki saa ya ukutani: likienda tunashukuru, likisimama tunamwita mtu. Wengine, na hawa ndio tunaotaka kuzungumza nao leo, wamechoka kumwita mtu, wamenunua spana na bisibisi, na wameamua kulitengeneza gari lao wenyewe. Uamuzi wao tunaupongeza. Njia waliyoichukua, mara nyingi, hatuwezi kuipongeza.

Magari tunayoyazungumzia ni yale makuukuu. Wazee wetu wanaikumbuka Morris Minor, iliyoundwa Uingereza tangu mwaka 1948 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Land Rover iliyozaliwa mwaka huo huo wa 1948. Waliofuata wanaikumbuka Peugeot 504, ambayo Wafaransa walianza kuiunda mwaka 1968, na ambayo ilishinda mashindano ya Safari Rally katika Afrika ya Mashariki mwaka 1975. Kisha zikaja gari ndogo za Kijapani zenye kabureta na pointi. Magari ya namna hii yana fadhila moja kubwa kwa mwanafunzi: yanaonekana. Mtu akifunua boneti huiona plagi, huiona kabureta, huuona mkanda wa feni, na baina ya injini na bodi hupata nafasi ya kuingiza mkono. Hayahitaji kompyuta kusema yanaumwa nini. Kwa hiyo ni skuli nzuri ya ufundi. Lakini skuli yoyote ina mpango wake wa masomo, na anayeurukia mpango huo hujifunza kwa gharama.

Hapa hatuna budi kusema ukweli kuhusu sisi wenyewe. Sisi tunaoandika safu hii tuliwahi kuurukia mpango huo.

Tulikuwa na gari dogo lenye umri mkubwa, tulilouziwa na jamaa. Asubuhi moja tuligeuza ufunguo, taa zikafifia, na injini ikajibu kwa sauti ya kugonga tu bila ya kuzunguka. Papo hapo tulijifanya makanika. Tulisema: betri imekufa. Tukanunua betri mpya kwa fedha ambazo zilikuwa na kazi nyingine nyumbani. Gari liliwaka siku mbili, na siku ya tatu likarudia kugonga. Tukasema: basi ni stata. Tukaingia chini kuifungua stata, na kwa kuwa hatukumjua mtu wa kutuambia kwamba betri hufunguliwa kwanza, spana yetu iligusa pahala pawili kwa wakati mmoja. Cheche iliyotoka hapo ilituachia alama kidoleni na spana yenye shimo. Tulinunua stata kuukuu nyingine, tukaifunga, na gari likagonga vile vile.

Ndipo tukamwendea mzee mmoja wa mtaani, fundi wa miaka mingi, ambaye tangu mwanzo alikuwa hatua hamsini kutoka mlangoni petu. Hakuja na sanduku la vyombo. Alikuja na taa ndogo yenye nyaya mbili. Akagusisha hapa, akagusisha pale, kisha akainama na kutuonyesha waya mnene wa athi, ule unaounganisha ncha hasi ya betri na bodi, na bodi na injini. Mwisho wa waya ule ulikuwa umeota kutu nyeupe na kijani, kazi ya hewa ya chumvi inayotuzunguka pande zote. Umeme ulikuwa unatoka lakini hauna njia pana ya kurudi. Alifungua nati kwa spana nambari 13, akapiga msasa mpaka shaba ikang'ara, akafunga, akapaka grisi, akatuambia tuwashe. Gari liliwaka. Kazi yote haikuzidi robo saa.

Tulipomuuliza alijuaje, alijibu kwamba hakujua, ila alipima. Jawabu hilo ndilo somo la kwanza la ufundi, na sisi tulikuwa tumelinunua kwa bei ya betri moja na stata moja. Mwanafunzi hubadili kisha akaangalia kama amepatia. Fundi hupima kisha akabadili kilichothibitika kuwa kibovu. Katika visiwa ambavyo spea nyingi huvuka bahari kabla ya kufika dukani, na ambapo mtu wa Wete au Micheweni huenda akangoja meli kwa kitu kidogo kama raba ya pampu, kubadili kwa kubahatisha ni ubadhirifu wa mali, hata ikiwa mali yenyewe ni yako.

Sasa tuseme mpango wa masomo uwe upi. Sote tuliokaa chuoni tunakumbuka kwamba mwalimu hakutufunulia msahafu siku ya kwanza. Alishika kijiti, akakielekeza kwenye alifu, na mtoto hakuvuka kwenda bee mpaka alifu imekaa ulimini. Ndiyo maana mtu asiyejua lolote tunasema hajui alifu kwa kijiti. Gari nalo lina alifu yake, na yenyewe iko kwenye kijiti hasa: kijiti cha kupimia oili.

Mwanafunzi na aanze hapo. Aliweke gari mahala palipo sawa, azime injini, angoje dakika chache oili ishuke, achomoe kijiti, akifute, akirudishe, akichomoe tena na kusoma. Oili iwe baina ya alama mbili. Ikipungua kila wiki, inavuja au inaungua, na yampasa aitafute njia inayotokea. Ikiwa na rangi kama ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani ya injini, na hapo gari lisiwashwe tena mpaka fundi alione. Jambo hili halihitaji fedha wala nguvu. Lakini ni injini nyingi zilizokufa kwa sababu mwenyewe hakukichomoa kijiti hicho.

Bee ni maji ya rejeta. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa ya moto, abadan. Ndani yake maji yamebanwa kwa mgandamizo na huweza kupita nyuzi 100 za Sentigredi bila ya kuchemka. Kifuniko kikilegezwa, mgandamizo hutoka, na maji yale hugeuka mvuke kwa mara moja na kumrukia mtu usoni. Tena maji ya visima vyetu, kwa kuwa yamepita katika mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi, nayo chokaa hiyo huganda katika vijia vya rejeta kama inavyoganda ndani ya birika. Afadhali maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, na bora zaidi ni maji yaliyosafishwa kwa ajili ya betri yakichanganywa na dawa ya rejeta ya kuzuia kutu.

Tee ni mkanda wa feni. Injini ikiwa imezimwa, ukibonyeze kwa dole gumba kipande kilicho kirefu baina ya magurudumu mawili. Katika magari mengi ya zamani kibonyee kiasi cha sentimita moja. Uutazame kwa ndani kama umepasuka. Katika magari hayo mkanda huo mmoja mara nyingi huzungusha pampu ya maji pamoja na alteneta, kwa hiyo ukikatika, taa ya betri huwaka na joto hupanda kwa pamoja. Dereva anayejua hayo husimama. Asiyejua huendelea "mpaka nyumbani", na akifika nyumbani hana tena injini.

Thee ni betri na nyaya zake. Mita ndogo ya umeme si ghali, na ni rafiki wa kweli wa mwanafunzi. Betri nzima ya volti 12 iliyopumzika huonyesha kiasi cha volti 12.6. Injini ikiwaka, ikiwa alteneta inafanya kazi, kipimo hupanda na kuwa baina ya 13.8 na 14.5. Tarakimu hizo mbili tu zingetuokolea sisi fedha zetu. Kufungua betri kuna adabu yake: ncha hasi hufunguliwa mwanzo na kufungwa mwisho. Sababu ni kuwa katika magari mengi bodi yote imeungana na ncha hasi, na spana iliyo kwenye ncha chanya ikigusa bodi kabla ya hasi kufunguliwa, umeme wote wa betri hupita katika spana hiyo. Kutu ya kwenye ncha huoshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi kidogo, ikasuuzwa, ikakaushwa, kisha ikapakwa grisi. Kwa sisi tunaoishi kandokando ya bahari, hiyo ni kazi ya kila baada ya miezi michache. Tena asivutiwe sigara karibu na betri, kwani inapochajiwa hutoa hewa inayoshika moto.

Jimu ni plagi na chujio la hewa. Plagi ni ripoti ya injini iliyoandikwa kwa rangi. Ikiwa na rangi ya hudhurungi isiyokolea, mambo ni mazuri. Ikiwa nyeusi na yenye masizi makavu, petroli ni nyingi kuliko hewa, na huenda chujio limejaa vumbi tu. Ikiwa imelowa oili, kuna ugonjwa ndani usioponywa kwa plagi mpya. Ifunguliwe injini ikiwa baridi, na katika kuirudisha ianze kuzungushwa kwa vidole, si kwa spana, maana ikipandishwa upande huharibu tundu lake, na kulitengeneza tundu hilo ni kazi kubwa kuliko yote tuliyoitaja.

Mwenye kuyajua matano hayo, akayafanya kila wiki na kila mwezi, na akaandika katika daftari tarehe, kilomita na alichokifanya, huyo ameshasoma. Hajawa fundi, lakini hawezi tena kudanganywa kirahisi na asiye mwaminifu. Naye fundi mwaminifu humfurahia mteja wa namna hiyo, kwa kuwa huleta gari pamoja na habari zake.

Laiti na sisi tungeridhika na hayo. Lakini baada ya kuusafisha waya mmoja tulijiona tumehitimu. Breki za nyuma zilikuwa zikilia, nasi tukaamua kubadili liningi wenyewe siku ya Jumamosi. Tulilinyanyua gari kwa jeki na kulikalisha juu ya mawe ya matumbawe, jambo ambalo tunamwomba msomaji asilifanye, kwa sababu jiwe hilo humeguka bila ya kutoa onyo. Gari hukalishwa juu ya stendi za chuma, na magurudumu yaliyobaki chini huzuiliwa kwa kabari. Tukafungua magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pamoja. Mafundi hufungua upande mmoja na kuuacha wa pili kama kielelezo, lakini sisi tulijikuta mbele ya springi na vyuma vya pande mbili vilivyochanganyika katika sinia moja, wala hatukukumbuka kipi kilikaa wapi. Tukapuliza vumbi la ndani kwa kinywa. Hatukuwa na habari kwamba liningi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Vumbi hilo hufutwa kwa kitambaa chenye maji, wala halipulizwi. Mwisho, paipu moja ilivuja, tukaikaza, tukaongeza mafuta ya breki, na tukaona kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Paipu ya breki ikishafunguka, upepo huingia, na upepo ni kitu kinachobonyea. Mafuta hayabonyei, na ndiyo sababu nguvu ya mguu hufika kwenye gurudumu. Palipo na upepo, nguvu ya mguu huishia kuubonyeza upepo huo. Hutolewa kwa watu wawili, mmoja akikanyaga na mwengine akifungua skrubu ya kutolea kwenye kila gurudumu, mpaka mafuta yatoke bila ya povu na padeli iwe ngumu. Hatukufanya hivyo. Tuliwasha gari, tukalirudisha nyuma kutoka uani kuelekea kichochoroni, pahala penye mteremko, tukakanyaga breki, na padeli ikateremka mpaka sakafuni kama mguu uliokanyaga tope. Tulivuta breki ya mkono. Nayo, kwa kuwa huvuta liningi zile zile za nyuma tulizozikosea, haikushika.

Gari lilisimamishwa na mnazi ulio upande wa pili wa kichochoro. Ilikuwa saa ya watoto kutoka chuoni. Kundi lao lilikuwa limeshapita chini ya mnazi ule, juzuu mikononi, na tuliwaona wakigeuka kutazama sauti ilikotoka. Mmoja wao alikuwa mtoto wetu.

Hapakuumia mtu, na tunamshukuru Mwenyezi Mungu. Gari lilipata jeraha la bamba. Lakini yule mzee fundi alipokuja kutazama hakututania, na hilo lilituingia kuliko tusi. Alituuliza swali moja tu: nani aliyetusikiliza kabla hatujavuka sura? Hatukuwa na jibu. Chuoni, mwanafunzi hahukumu mwenyewe kwamba amehifadhi. Husoma mbele ya mwalimu, na mwalimu ndiye anayesema pita.

Nasi hatusemi kwamba mwananchi asiguse breki maisha yake yote. Tunasema kuna kazi ambazo kosa lake humrudia mtendaji peke yake, na kuna kazi ambazo kosa lake huwaangukia wapita njia. Kukosea plagi ni kuchelewa kufika kazini. Kukosea breki, usukani, nati za magurudumu au paipu ya petroli ni roho ya mtu asiyejua kwamba wewe unajifunza. Kazi za aina ya kwanza mwanafunzi na azifanye peke yake, akosee, arudie. Za aina ya pili azifanye mbele ya mjuzi aliye na mamlaka ya kumwambia "bado", na gari lijaribiwe mahala tambarare, polepole, kabla ya kuingia njiani.

Na hata asiyenuia kuzifungua breki na ajue jambo moja. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ina unyevu mwingi. Yale yaliyoandikwa DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Sentigredi. Yakishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka mpaka 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea kama upepo. Kwa hiyo gari ambalo halijafunguliwa breki kwa miaka mingi laweza kumfanyia mwenyewe yale yale yaliyotufika sisi. Mafuta hayo hubadilishwa takriban kila miaka miwili, na hayachanganywi na oili ya injini hata tone, kwa sababu oili hiyo huvimbisha na kuharibu raba zote za mfumo.

Lipo jambo jingine ambalo mwanafunzi hulifanya mbele ya macho yetu, na mafundi wa siku nyingi nao hulifanya, nalo ni kumwaga oili chafu ardhini. Tangu Seyyid Barghash, aliyetawala mwaka 1870 hadi 1888, alipoleta mjini maji ya mfereji kutoka chemchem za Bububu, mpaka visima vilivyochimbwa baadaye, tegemeo kubwa la maji yetu limekuwa ni yale yaliyo chini ya ardhi. Na ardhi yetu ni mawe ya matumbawe yenye matundu, ambayo hupitisha anachomwagiwa bila ya kuchuja sana. Oili inayomwagwa nyuma ya banda haipotei. Inasafiri, na inakoelekea ni ndooni mwetu. Mwenye kubadili oili na aikinge katika beseni, aitie katika dumu, alifunge, na aliweke mbali na watoto mpaka ipatikane njia ya kuikabidhi.

Maneno hayo ya mwisho yanatupeleka kwa viongozi na watendaji wa Serikali, maana haifai kumwambia mwananchi akabidhi oili bila ya kumwonyesha pa kuikabidhi. Tunapendekeza kila wilaya ya Unguja na Pemba iwe na mahala panapojulikana pa kupokelea oili chafu na betri mbovu, na kwamba gereji, kubwa na ndogo, ziwajibike kupeleka hapo. Iwapo pahala hapo pameshatengwa, basi patangazwe hata bibi wa shamba apajue.

Pili, tunavyo vituo vya mafunzo ya amali kama vile Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji. Vituo hivyo vimewekwa hasa kwa vijana wanaotafuta kazi, na hiyo ni haki yao ya mwanzo. Lakini karakana huwa na saa za kulala. Tunaomba saa hizo, ziwe za jioni au za siku za mapumziko, zitumiwe kwa mafunzo mafupi ya wenye magari: wiki chache, ada ndogo, alifu mpaka jimu, na breki mbele ya mwalimu. Mwananchi alete gari lake mwenyewe, alifungue chini ya jicho la mjuzi, na asiondoke mpaka aambiwe pita. Mafundi wazee wa mitaani, ambao elimu yao haikuandikwa popote na itakwenda nao kaburini tusipoiwahi, waalikwe kufundisha na walipwe.

Tatu, pawe na kitabu. Mwanafunzi wa leo akitaka kujua pengo la plagi hutazama picha katika simu, akisikiliza lugha asiyoielewa vizuri, juu ya gari lisilofanana na lake, katika nchi yenye baridi na theluji. Kitabu kidogo cha Kiswahili chenye michoro, kinachozungumzia chumvi yetu, unyevu wetu na maji yetu ya chokaa, kingeokoa mali nyingi kuliko bei ya kukichapa. Maneno ya kazi hiyo mafundi wetu wanayo tayari, bali hayajakusanywa.

Nne, na hili tunalisema kwa heshima, watendaji nao waanze na magari waliyokabidhiwa. Gari la umma likiegeshwa yadini kwa kukosa raba moja, baada ya miezi michache hukosa tairi, baada ya mwaka hukosa injini, na mwisho hubaki kuwa nyumba ya kuku. Hapo hapajaharibika gari tu, bali imeharibika mali ya kila mlipa kodi. Kila gari la umma liwe na daftari lake, kila dereva ajue kijiti cha oili, na kila mkubwa wa ofisi atie saini kila wiki kwamba amelitazama daftari hilo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo hujengwa kwa fedha za watu wote.

Sisi kwa upande wetu gari lile bado tunalo. Tunalipima oili kila Ijumaa asubuhi, na nyaya zake tunazisafisha wenyewe. Breki zake tumezifungua tena mara mbili, na mara zote mbili yule mzee alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, hatua moja kutoka mkononi mwetu. Mara ya kwanza alitwambia turudie. Mara ya pili alinyanyuka, akakanyaga padeli kwa mguu wake mwenyewe, akatutazama, akasema: pita.

Tunawatakia wananchi wote wanaojifunza wapate mtu wa kuwaambia hivyo, na tunawataka wenye mamlaka wahakikishe kwamba mtu huyo anapatikana.